Glasi Tatu Dirishani

Sotik, Jumanne asubuhi

Arap Tanui, rafiki yangu,

Jana asubuhi niliweka glasi ya mkojo wangu dirishani kama ulivyonizoeza, nikangoja jua lipande juu ya mikaratusi, nikatazama. Haikuwa nyekundu. Haikuwa safi pia. Ilikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili, ile rangi ambayo ungeiinua juu, ukafunga jicho moja na kusema, "Hapo, Nyapara, sisemi ndiyo wala sisemi hapana." Nikageuka nikuulize. Ndipo nikakumbuka kwamba tulikuzika huko Ndanai miezi mitano iliyopita.

Nina jambo la kukiri, nawe hukupenda mgonjwa anayeficha. Mwezi tuliokuzika ndio uliokuwa mwezi wangu wa kwenda Nairobi kuchunguzwa kibofu. Sikwenda. Mke wangu Moraa aliniuliza mara ya kwanza, akaniuliza mara ya pili, mara ya tatu akanyamaza, na unajua Moraa akinyamaza ni vibaya kuliko akipiga kelele. Nilimwambia nitakwenda mvua ikipungua. "Mvua ya hapa?" alisema. "Basi sema hutaki."

Sikutaka. Miaka yote ile tulipanda basi wawili, wewe dirishani na mimi kando yako, kwa sababu ulidai kwamba mgonjwa akikaa dirishani anahesabu miti na kujitia huzuni. Tukiwa wawili tulikuwa watu wanaosafiri. Peke yangu mimi ni mgonjwa tu.

Acha nianze mwanzo, nipange habari kama ulivyotaka zipangwe na kila mtu aliyekalia benchi lako. Lini, wapi, kiasi gani, na kulikuwa na maumivu au hapana.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa nyapara wa wachumaji, wewe dresa, msaidizi wa tiba, wa zahanati ya kambi yetu. Watu walikuita daktari, nawe ukawakatiza: "Daktari yuko Kericho. Mimi ni dresa. Lakini kaa chini." Unajua nilivyofika huko. Nilikuwa kijana alama za mpaka ziliposogezwa, shamba la baba likaangukia upande ambao sisi Wakisii hatukutakiwa, tukaambiwa tubebe tunachoweza. Tangu hapo nimelala katika nyumba za wengine. Nimesoma vitabu vingi kwa sababu kitabu hakidai kiwanja.

Kila asubuhi kabla ya kuingia shambani nilifungua pakiti mbili za poda ya maumivu ya kichwa, nikazimimina ndani ya chupa ya chai, nikatikisa. Mgongo ulikuwa ukiniuma tangu nilipobeba kuni za kiwanda. Poda ilitoa maumivu na kuleta wepesi fulani, na siku nisipoinywa, kichwa kilinigonga hadi saa sita. Sikuinywa peke yangu. Mchumaji aliyeshika kiuno nilimwita, nikamjazia kikombe. Nilijiona nyapara mwema. Walinisifu. Hata leo, nikikumbuka sifa zile, nasikia aibu mwilini.

Kisha mkojo ukawa mwekundu. Siku mbili, halafu ukawa safi wiki tatu. Ukarudi, ukaondoka. Nilisema ni kichocho, kwa sababu nilikuwa nimekwenda msibani upande wa ziwani nikaoga mtoni. Nikanunua dawa Sotik, nikameza, damu ikakoma, nikawaambia watu nimepona. Iliporudi nikasema ni mnyoo, nikanywa dawa ya minyoo, na siku ya pili yake kikatoka kitu chembamba, kirefu kama kidole, cheusi kidogo. Furaha yangu siku hiyo! Moraa alikuwa ameshatangaza kambi nzima kabla sijafunga suruali: "Baba Nyaboke ametoa mnyoo wake!" Nilikuletea ndani ya kopo la tumbaku, nimelishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeua chatu.

Hukucheka. Ulitia maji kwenye kisahani, ukakitumbukiza kile kitu, ukakibonyeza kwa kijiko. Kilivunjika. Maji yakawa mekundu.

"Mnyoo hauvunjiki hivi, Nyapara. Hii ni damu iliyoganda."

"Mbona ni ndefu?"

Ukanionyesha kwa kidole, kutoka ubavuni mpaka chini ya kitovu. Ukauliza kama nimewahi kuona wazee wakinywa pombe kwa mirija mirefu kuzunguka chungu. Nani asiyewahi? Ukasema kwamba mtu akiokota kipande cha machicha makavu chenye umbo la mrija, hatauliza kilikauka wapi. "Kati ya figo na kibofu kuna mrija. Damu hii imeganda mle. Kwa hiyo haitoki kibofuni. Inatoka juu."

Ukaniuliza kama inauma. Nikajibu kwa majivuno, "Haiumi hata kidogo."

Ukaweka kijiko chini. Nakumbuka mlio wake mezani. Ukasema, "Ningependa iwe inauma."

Kesho yake ukanipa glasi tatu na kunituma nyuma ya zahanati. Mwanzo wa mkojo katika ya kwanza, katikati katika ya pili, mwisho katika ya tatu. Nilidhani umechanganyikiwa. Ukazipanga dirishani, jua likazipiga, zote tatu zikawa na rangi moja. Ungeona nyekundu ya kwanza peke yake, ulinieleza baadaye, ungetafuta karibu na mlango wa kutokea mkojo. Nyekundu ya mwisho peke yake, ungetafuta shingo ya kibofu. Zote tatu sawa maana yake damu imechanganyika na mkojo tangu huko juu, au kibofuni, na lile bonge refu la damu lilikuwa limekwisha kukuambia ni wapi. Hukuwa na eksirei. Hukuwa na darubini. Ulikuwa na glasi tatu za chai, kisahani na dirisha linalotazama mashariki. Nimesoma maisha ya watu wakubwa katika vitabu, na bado sijakutana na mtu aliyejua mengi hivyo kwa vyombo vichache hivyo.

Uliniuliza miaka yangu, sigara ngapi, na ninakunywa nini kila siku. Nikasema chai. "Chai na nini?" Nikasema poda. "Tangu lini?" Nilipokujibu uliandika, ukapiga mstari chini ya ulichoandika.

Ulichukua likizo yako ukanipeleka Nairobi. Hospitali kubwa ile, na yale mabenchi marefu. Walinichoma dawa mkononi na kunipiga picha moja baada ya nyingine, dawa ikishuka kutoka kwenye figo. Ukaziinua kwenye mwanga ukaniita nione. Figo ya kulia ilijaa vizuri, kama kikombe. Ya kushoto ilikuwa na pengo katikati, mahali ambapo dawa ilikataa kukaa kwa sababu palikuwa tayari na kitu. Siku nyingine wakanitia bomba kibofuni, na daktari wa upasuaji akaona kwa jicho lake damu ikitemwa kutoka tundu la mrija wa kushoto. Aliposema hivyo, hukunitazama kwa kiburi cha kusema nilikuambia. Ulinishika bega tu.

Sasa nifike kwenye siku ile ambayo huwa naisimulia zaidi. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na sisi tulikuwa wengi mlangoni kwake. Wewe ulisimama, kofia mkononi, na karatasi. Ukamwambia, "Daktari, samahani, nina maswali matatu." Akakutazama tangu viatu mpaka kichwani. Ukauliza: figo ya kulia inaweza kubeba kazi ya zote mbili? Chembe zilizoonekana katika mkojo ni za uvimbe mpole au mkali? Na je, kuna dalili kwamba umetoboa ukuta na kutoka nje?

Daktari akaweka kalamu chini. Akavuta kiti. Akakueleza kama anavyoelezwa mwenzake, nami nikasikiliza habari za mwili wangu kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Figo ya kulia ni nzuri, ingawa si kubwa. Chembe si za uvimbe mpole. Uvimbe ni mmoja, mkubwa kiasi, na kwa kutazama picha hakuna awezaye kuapa kwamba uko ndani ya ukuta au umetoka. Hilo litajulikana wakishaukata. Kama ningekuwa na figo moja tu, au ya kulia ingekuwa mbovu, angejaribu kuondoa uvimbe na kuiacha figo, ajue anacheza na hatari. Kwa mtu wa hali yangu hatari kubwa zaidi ni kuacha. Atoe figo ya kushoto, na mrija wote, na kipande cha kibofu mrija unapoingilia.

Nilikataa. Unakumbuka nilivyokataa? Nilipandisha sauti mpaka muuguzi akaja. Nilisema nimekwisha kunyang'anywa shamba, sitanyang'anywa na nyama za mwili. Akate kipande kibovu, aniachie kingine. Ulinitoa nje, tukakaa kwenye nyasi, ukaniacha nimalize. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ile ya mtu anayeuliza njia:

"Nyapara, mchai ukishikwa na ugonjwa wa mizizi, ule unaotoka kwenye visiki vya msitu wa zamani, unafanya nini? Unaupogoa?"

Nikasema ukiupogoa umepoteza wakati. Unaung'oa.

"Ukiung'oa, unaacha mizizi mirefu chini kwa kuihurumia?"

Nikasema hapana, unafuata mzizi mpaka unapoishia, unauchoma.

"Halafu unakwenda zako?"

Nikasema, halafu unatazama michai ya jirani, miaka kadhaa, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa ulikwisha kutambaa.

"Basi," ukasema, "mimi sina la kuongeza. Wewe ndiye mtu wa shamba."

Nikarudi ndani nikaweka kidole gumba kwenye wino, mimi niliyejua kuandika, kwa sababu kalamu ilinishinda.

Walinipasua ubavuni na tena chini ya kitovu. Majibu yalipotoka ulinisomea yote, hata sehemu mbaya. Uvimbe ulikuwa mkali. Ulikuwa umeanza kula ukuta lakini haukuutoboa. Ulisema, "Tumewahi. Sijui kama tumewahi kabisa. Tumewahi." Daktari mwingine angeniambia nimepona nikaenda zangu, nami ningefia katika uongo huo mzuri. Wewe uliniambia kwamba kibofu kimeoga maji yale yale yaliyopita kwenye uvimbe, kwa hiyo kitachunguzwa kila miezi mitatu, kisha kila sita, kisha kila mwaka, na kwamba nisikuulize mwisho ni lini.

Tuliporudi ukanipeleka banda la mizani, wachumaji wote wamekaa. Ukasema mimi ndiye nitakayewaambia habari ya poda. Nilisimama nikasema. Walinicharura vizuri! Mama mmoja, Sabina, akapaza sauti: "Nyapara, ulitugawia kama peremende, sasa umekuwa mhubiri?" Wakacheka, nikacheka, nikalia kidogo. Ndipo ukasema maneno niliyoyapenda kuliko mahubiri yoyote: "Siwezi kuapa kwamba poda ndiyo iliyomfanya hivi. Alivuta sigara pia. Lakini figo moja aliyobakiwa nayo siwezi kuiweka rehani kwa kutokujua kwangu. Na zenu hali kadhalika." Ukawaambia kila mtu atazame mkojo wake, na asiyesikia maumivu ndiye aje mbio zaidi.

Wiki hiyo Sabina akaja, mkojo mwekundu, anatetemeka, ameshawaaga watoto. Ukamuuliza lini, wapi, kiasi gani. Ulimchunguza, na alikuwa na homa. Ukampa vidonge vya maambukizi, ukamwita tena mara mbili, ukazitazama glasi zake mpaka zikawa safi, ukamwambia aende akachume chai. Karibu akasirike, alivyokuwa amejiandaa kufa! Nilijifunza hapo kwamba kazi yako haikuwa kuogopa. Ilikuwa kujua cha kuogopa na cha kutoogopa, na hiyo ni kazi ngumu kuliko ujasiri.

Mwaka wa pili, nikiwa mzima, nakula, sina tone la damu, sikutaka kwenda Nairobi. Nilisema kuna mvua ya mawe, kuna kupogoa. Ulikuja mlangoni na mkoba tayari. "Nitangulie peke yangu nikamwambie nini daktari? Kwamba kibofu kimebaki Sotik?" Tukaenda. Wakakuta kichipukizi kibofuni, kidogo kama jani la chai la siku mbili, wakakichoma kwa waya papo hapo. Hakikuuma. Hakikuwa kimetoa damu. Tungengoja damu, daktari alisema, angekuwa na mazungumzo mengine nasi. Tangu siku hiyo sikubishana nawe tena, mpaka ulipokufa.

Sasa nikupe habari za tangu uondoke. Nyumba ya kambi nimeirudisha, nguvu za unyapara zimeisha, tumepanga chumba hapa Sotik, nyuma ya wauza maziwa. Zahanati imepakwa rangi mpya, kijani. Dirisha lako hawakulipaka. Dresa aliyekuja ni msichana kutoka Kipkelion, mwembamba, hacheki ovyo, ana darubini. Poda bado inauzwa madukani, lakini wachumaji wangu wa zamani hawaitii kwenye chai. Nimewauliza mmoja mmoja. Wawili wanadanganya.

Mama Cherono wako anaendelea. Siku ya mazishi alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye aliyekula likizo za mume wangu. Kila mwaka nikimuuliza tutakwenda wapi, ananiambia likizo yake iko ndani ya kibofu cha Mkisii." Watu walicheka kaburini, Arap Tanui. Nami nilihesabu moyoni siku zile zote za mabenchi, mkate kwenye karatasi na chai, gazeti ulilosoma mara mbili. Mpaka leo nazihesabu.

Nina hasira nawe kidogo. Ulipima presha ya kambi nzima, na yako hukuipima. Moyo ulisimama ukiwa unakamua ng'ombe, ndoo hata haikumwagika, walisema. Ungekuwa mgonjwa wako mwenyewe ungejipigia kelele. Nami nilikaa nawe miaka yote hiyo, sikuwahi kukuuliza hata mara moja: lini, wapi, kiasi gani.

Jana, baada ya ile glasi, nilikwenda kwa yule msichana. Nilimwambia pengine ni chai tu niliyokunywa, au bitiruti niliyokula. Alinipa glasi tatu. Sikumwomba. Nilimwuliza nani alimfundisha, akanionyesha daftari lako kwenye rafu, ukurasa umechakaa pembeni. Akaziweka dirishani kwako. Tulingoja wote wawili. Zote tatu zilikuwa sawa, rangi ile ile, hafifu. Akatia tone kwenye darubini, akatazama muda mrefu. "Mzee, kuna damu kidogo. Sijui inatoka wapi. Inauma?"

Nikasema haiumi.

Akaweka kalamu chini, rafiki yangu. Kwa mlio ule ule.

Kwa hiyo kesho asubuhi napanda basi. Moraa amekunja shati langu na amerudia kelele zake, nyumba imepona. Alitaka kunisindikiza, nami nilikuwa nimekataa, kisha nikakumbuka jinsi unavyowachukia watu wanaojifanya majabali, nikakubali. Nina karatasi mfukoni. Nimeandika maswali yako matatu kwa mwandiko wangu mzuri, na nitasimama na kofia mkononi, na daktari atanitazama tangu viatu, nami nitauliza mpaka avute kiti. Jibu likiwa la kuchoma, wachome. Likiwa la kukata, nitauliza figo yangu inasemaje, kisha nitaamua kama mtu wa shamba. Likiwa baya, nitaomba nisomewe lote, hata sehemu mbaya.

Ahadi yangu ni hii: sitangoja mvua ipungue tena. Na barua hii nitamwachia Mama Cherono nikipita, aiweke ndani ya lile daftari, msichana akimaliza kulisoma na kumrudishia.

Moraa ameshatangaza kwamba yeye atakaa dirishani. Nimemwambia ni sawa kabisa, mgonjwa hakai pale, anahesabu miti na kujitia huzuni. Ameniuliza nani aliniambia upuuzi huo.

Saisere, kama ulivyokuwa ukituaga mlangoni mwa zahanati. Nami leo nakuaga kwa lugha yako, katika nchi yako uliyonikaribisha.

Nyapara wako,
Ombati